Baba Yetu kwa Kwaya na Okestra: Neno na Sauti, Nani Amfuate Mwenzake?

Utangulizi

Muhula uliopita, katika kipindi cha ngeli, mwanafunzi wetu mmoja anayetoka Busasamana aliandika "nyumbani yetu" katika zoezi lake. Nilimsahihisha kama tunavyosahihisha siku zote: nomino ikishapachikwa -ni ya mahali huingia katika ngeli ya mahali, na kimilikishi huwa kwetu, petu au mwetu. Akanyoosha mkono kwa heshima na kuuliza: "Samahani mwalimu, mbona katika ule wimbo wa Baba Yetu wanaimba mbinguni, kisha yetu?" Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Swali lilikuwa la haki, na jibu sikuwa nalo.

Makala haya ni jibu lililochelewa. Yanahusu historia ya kuyatia Maandiko Matakatifu katika muziki wa kwaya na ala katika eneo letu, na yanauliza jambo moja: neno na sauti vinapokutana, nani amfuate mwenzake? Swali hili si la wanamuziki peke yao. Ni la mofolojia, la fonolojia na la ufundishaji, maana wanafunzi wengi husikia Kiswahili cha kwanza kanisani kabla hawajakisikia darasani.

Busasamana, mahali pa lugha mbili

Kwa wasiopafahamu, Busasamana ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, kaskazini mwa mji wa Gisenyi, inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, chini ya milima ya volkano. Lugha ya nyumbani ni Kinyarwanda. Ng'ambo ya mpaka ipo Goma, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya ibada. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda, lakini watu wa mpakani walikuwa wamekwisha kukizoea zamani, kwa biashara na kwa nyimbo.

Mwanafunzi wa huko hukutana na sala ile ile katika sura kadhaa. Kwa Kinyarwanda, Wakatoliki huianza kwa neno Dawe na Waprotestanti kwa neno Data. Kwa Kiswahili, kile kinachoombwa "leo" ni riziki katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ni mkate katika sala ya Wakatoliki, na ni chakula katika Biblia Habari Njema. Mtunzi wa muziki akiketi kuitungia sala hii nota, swali lake la kwanza si kinanda kipi apige, bali maneno yapi ayachukue. Riziki ina silabi tatu, mkate nayo tatu kwa kuwa m yake ni silabi kamili, na chakula tatu vilevile. Idadi ni ile ile, lakini uzito wa maana haulingani. Riziki imekuja na harufu ya pwani na Uislamu, mkate umekuja na meza ya altare, na chakula kimekuja na sufuria ya nyumbani.

Tafsiri ya pili

Kutia Maandiko katika muziki ni kuyatafsiri mara ya pili. Mfasiri wa kwanza huyatoa katika lugha moja na kuyaingiza katika nyingine. Mtunzi huyachukua hapo na kuamua silabi ipi iwe ndefu, ipi iwe fupi, neno lipi lirudiwe na lipi lipitwe haraka. Huko Ulaya kazi hii ilizaa tungo kubwa ziitwazo oratorio. Maarufu kuliko zote ni Messiah ya George Frideric Handel, iliyotungwa mwaka 1741 na kuimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Maneno yake yote ni mistari ya Biblia iliyochaguliwa na kupangwa na Charles Jennens. Johannes Brahms naye alijichagulia mwenyewe mistari kutoka Biblia ya Luther kwa ajili ya Requiem yake ya Kijerumani, iliyoimbwa Bremen mwaka 1868.

Tusidhani kwamba wakubwa hao hawakupata tabu na neno. Kwaya ya Messiah inayotokana na Isaya sura ya 9, ile ya mtoto aliyezaliwa, muziki wake Handel aliutoa katika wimbo wake mwenyewe wa Kiitaliano wa watu wawili, wimbo wa mapenzi. Maneno ya Kiingereza yakaja kuvalishwa sauti iliyokwisha kushonwa kwa lugha nyingine. Matokeo yake, neno dogo la kuunganisha mwanzoni mwa sentensi limepewa uzito lisioustahili. Leo hakuna anayelalamika, kwa sababu muziki ni mzuri na masikio yamezoea. Lakini mwanaisimu akisikiliza, atasikia kwamba hapo neno limemfuata sauti.

Pwani: Maandiko hayapigiwi ala

Mtu anaweza kuuliza: Waswahili wana fasihi ya kidini ya karne nyingi, mbona sanaa hii haikuanzia pwani? Jibu lipo katika adabu ya Uislamu. Kurani husomwa kwa tajwidi, kwa sauti nzuri na kwa kanuni kali za matamshi, lakini haipigiwi ala wala haitiwi mahadhi ya ngoma. Hadithi za mitume na sifa za Mtume zilipata njia nyingine, yaani kasida, maulidi na tenzi.

Utenzi ni hazina ambayo watunzi wa kwaya hawajaichimba vya kutosha. Kila mshororo una mizani nane, beti ina mishororo minne, na kina cha mwisho hufunga ubeti na ubeti. Tungo hizi zilikusudiwa kughaniwa, si kusomwa kimyakimya. Mkristo mmoja aliyeliona jambo hili mapema ni Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969. Alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Maandiko ya Kikristo yakawa yameingia katika bahari ya ushairi wa Kiswahili, yakiwa na mizani iliyo tayari kuimbwa.

Neno letu, sauti yao

Katika makanisa mambo yalikwenda kwa njia tofauti. Ludwig Krapf alifasiri sura za mwanzo za Kitabu cha Mwanzo, zikachapishwa mwaka 1847. Askofu Edward Steere na wenzake wa Unguja waliendeleza kazi, na Biblia nzima ikapatikana mwaka 1891. Kwa Kinyarwanda, Agano Jipya lilitoka mwaka 1931 na Biblia nzima mwaka 1954. Sambamba na tafsiri hizi vilikuja vitabu vya nyimbo, ambamo maneno yalikuwa yetu na sauti zilikuwa za Uingereza na Ujerumani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yasiyofuata kanuni hiyo ni machache, kama barabara ikiwa na maana ya sawasawa, tunayoitofautisha na barabara ya magari kwa mkazo tu. Nyimbo nyingi za Kiingereza na Kijerumani humaliza mstari kwa silabi nzito. Neno la Kiswahili lenye silabi mbili au zaidi haliishi hivyo. Basi nota ndefu ya mwisho, ambayo kwaya nzima huishikilia, humwangukia -vu wa wokovu au -ni wa amani, na silabi yenye haki ya mkazo hupitwa kama kituo kisicho na abiria.

Tabu ya pili ni urefu. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, ilhali kitenzi chetu kimoja ni sentensi nzima: ameokolewa ni silabi sita. Mfasiri wa nyimbo akawa hana budi kukata viambishi, kuacha vivumishi, au kurundika silabi mbili katika nota moja. Lugha ya ajabu ajabu tunayoisikia katika baadhi ya nyimbo za zamani haikutokana na ujinga wa wafasiri. Ilitokana na nguo kuwa ndogo kuliko mwili.

Kwa Kinyarwanda tabu ni kubwa zaidi, kwa sababu hiyo ni lugha ya toni na ya urefu wa irabu. Neno inda kwa toni moja ni tumbo, kwa nyingine ni chawa. Sasa mfikirie mtunzi anayetia muziki habari ya Luka sura ya 1, ambapo mtoto anaruka tumboni mwa Elisabeti. Sauti ikipanda pale ambapo lugha inashuka, muktadha tu ndio utakaomwokoa. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, na kwa hiyo mtunzi wa Kiswahili ana mzigo mwepesi: alinde mkazo tu. Ajabu ni kwamba mara nyingi hata huo haulindwi.

Sauti yetu, neno lao

Katika miaka ya 1950 upepo uligeuka. Huko Kamina, Katanga, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya ya wavulana na walimu wao iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Tarehe 23 Machi 1958 waliimba Misa iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Missa Luba. Kamina ni nchi ya Kiswahili kwa mawasiliano, lakini sauti za Misa ile zilitoka katika nyimbo za jadi za Kongo, zikiwa pamoja na maombolezo na nyimbo za kuagana, na ngoma zilishika nafasi ya okestra. Maneno yalibaki Kilatini. Kwa hiyo hali ilikuwa kinyume cha vitabu vya nyimbo: safari hii sauti ilikuwa ya Kiafrika na neno ndilo lililokuwa geni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikani uliziba pengo hilo kwa hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, iliyofungua mlango wa lugha za wenyeji na kutaka muziki wa jadi wa watu uheshimiwe. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka uliofuata, Mganda Joseph Kyagambiddwa alitoa oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda, kwa ajili ya kutangazwa kwao kuwa watakatifu mjini Roma tarehe 18 Oktoba 1964. Hiyo haikuwa Maandiko yenyewe, bali simulizi ya mashahidi, lakini ilithibitisha kwamba utungo mkubwa wa kwaya unaweza kujengwa juu ya lugha na mahadhi ya Kiganda bila kuazima.

Walutheri nao hawakulala. Huko Makumira, karibu na Arusha, Mmarekani Howard Olson alikusanya sauti za makabila ya Tanzania katika kitabu cha Tumshangilieni Mungu. Mfano bora wa kazi za wakati huo ni Mfurahini, Haleluya wa mwaka 1966, ulioandikwa na Bernard Kyamanywa, Mhaya, kwa sauti ya jadi. Wimbo huu unasimulia ufufuko kama Injili inavyousimulia: kaburi, malaika, wanawake, habari ya kupelekwa. Baadaye ulifasiriwa kwa Kijerumani na kuingizwa katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Kwa mara moja nguo ilishonwa kwetu, na Wajerumani ndio waliolazimika kuyapunguza maneno yao ili iwaenee.

Hata Busasamana haikuwa mbali na harakati hizi. Parokia yake imo katika Jimbo la Nyundo, ambalo askofu wake, Aloys Bigirumwami, aliwekwa wakfu mwaka 1952, Mnyarwanda wa kwanza kupata cheo hicho. Bigirumwami alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa fasihi simulizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichapisha Nyundo mkusanyo wa simulizi, nyimbo, bembelezi, tungo za inanga, majigambo na sifa za ng'ombe. Mtunzi anayetaka kujua Kinyarwanda kinapanda wapi na kushuka wapi kinapoimbwa, shule yake ya kwanza imo mle.

Wimbo wa Baba Yetu

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Wimbo aliouleta darasani ulitungwa na Christopher Tin, Mmarekani, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Maneno ni sala ya Bwana kwa Kiswahili, yaliyopangwa kwa msaada wa Chris Kiagiri, na waimbaji wa kwanza walikuwa Stanford Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2009 ulirekodiwa upya katika albamu ya Calling All Dawns, ukiimbwa na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini pamoja na Royal Philharmonic Orchestra ya London. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta.

Tutafakari kidogo. Huenda hakuna Maandiko ya Kiswahili yaliyotungiwa kwaya na okestra ambayo yamesikika mbali kuliko haya. Hayakutoka Unguja, Mombasa wala Goma. Yametungwa California, yakaimbwa na kwaya ya Afrika Kusini na kupigiwa fidla na tarumbeta za London. Hili si la kulaumu, ni la kushukuru, maana kwaya nyingi za shule na vyuo vya ng'ambo zimejifunza maneno yao ya kwanza ya Kiswahili humo. Lakini linatuuliza sisi wenye lugha tulikuwa wapi.

Katika mambo mengi wimbo ule umeitendea haki lugha. Maneno mawili ya jina lake yana silabi mbili mbili, kila moja lenye mkazo mwanzoni: zito, jepesi, zito, jepesi. Hapo lugha yenyewe inampa mtunzi hatua za miguu. Mpangilio wa kiongozi na waitikiaji ni wa kwetu kabisa. Maneno yaliyochaguliwa yanafanana na yale ya Habari Njema: ni chakula, si mkate wala riziki.

Na lile yetu baada ya mbinguni? Si kimilikishi cha mbinguni. Ni mwangwi wa Baba yetu, kibwagizo kinachorudi kujaza pigo, kama waitikiaji wa ngoma wanavyolidaka neno la mwisho la kiongozi na kulirudisha. Kwa macho, alama ya mkato ingetosha kulitenga. Kwa masikio, mkato hausikiki. Kwa msikilizaji wa Unguja hakuna hatari, atacheka na kupita. Kwa mtoto wa Busasamana hatari ipo. Kinyarwanda chake husema mu nzu yacu, ambapo kimilikishi hufuata nomino ya nyumba wala si kiambishi cha mahali. Mantiki ya lugha mama yake tayari inamvuta kwenye "nyumbani yetu". Kisha unakuja wimbo mtukufu wenye kwaya na okestra, unamwambia kwamba hajakosea. Mwalimu mwenye chaki atashindana vipi na okestra ya London?

Hitimisho

Funzo ni kwamba neno likimfuata sauti, hata katika utungo mzuri, kuna mtu mahali fulani atakayejifunza kosa. Na wimbo haufutwi kwa kalamu nyekundu. Ninachosema si kwamba sauti iwe mtumwa. Muziki una haki ya kurudia, kurefusha na kunyamaza. Lakini mahali ambapo mkazo, toni au upatanisho wa ngeli hubeba maana, sauti ndiyo impishe neno.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. Kwanza, nyimbo za kwaya ziingizwe katika vipindi vya fonolojia. Wanafunzi wapewe ubeti wanaoujua, waweke alama ya mkazo juu ya kila neno, kisha walinganishe na mapigo mazito ya wimbo. Zoezi hili halihitaji kinanda, linahitaji makofi tu. Pili, walimu wa kwaya waalikwe katika idara zetu, nasi twende kwao. Wao wanajua solfa, sisi tunajua mizani, na kwa muda mrefu tumepishana njiani bila kusalimiana. Tatu, wanafunzi wa ushairi wajaribu kuandaa maneno ya oratorio kwa bahari ya utenzi, kwa kufuata njia aliyoifungua Mnyampala. Vipaji havikosekani. Mwaka 2014 shule ya muziki ilifunguliwa Nyundo, katika Wilaya hiyo hiyo ya Rubavu, kabla ya kuhamishiwa Muhanga.

Mwanafunzi wetu nimekwisha kumpa jibu lake. Alisikiliza, akafikiri, akasema: "Basi mwalimu, sisi tukiimba tuweke kwetu?" Nikamwambia wimbo wa mtu hatuubadilishi, tunauimba ulivyo. Atakapotunga wa kwake, ndipo aweke kwetu.